Makopo Saba ya Ufagio

Benchi letu si la kununua. Ni ubao wa mlango wa ghala lililobomolewa, tumeulaza juu ya matofali sita, na mgongo wake ni ukuta wa kinyozi. Liko kona, pale lami inapokata tamaa na uzio wa bustani ya ziwa unapoanza. Ziwa lenyewe halionekani kutoka hapa. Linakuja kwa harufu upepo ukigeuka. Kinachoonekana ni geti la nyuma la bustani, lile dogo ambalo wageni wengi hawalijui, na juu yake kibao cha herufi nyekundu: USIACHE KITU CHOCHOTE. Kushoto nakaa mimi na chuma changu cha kugongea viatu. Wananiita Msumari, na si kwa sababu ya kazi tu. Kulia yupo Mama Birika na jiko lake la kahawa. Katikati hukaa Kinyozi, asipokuwa na kichwa cha mtu mkononi, na Kamusi, karani mstaafu mwenye methali kwa kila jambo, ila methali zenyewe hufika zikashangaa zimeitiwa nini. Mwisho wa ubao, pale unapobonyea, ni mahali pa Ufagio. Ufagio ndiye anayefagia njia tatu za nyuma za bustani, zile zisizo kwenye ramani ya getini, mwaka wa kumi na moja sasa. Siku ninayoisimulia alikuja kabla ya wakati wake, saa nane na kidogo, ana mfuko mkubwa begani na barua mkononi. Nikiikumbuka siku ile mpaka leo damu inanichemka, ingawa si kwa sababu ile ile niliyochemkia pale benchini.

Aliketi polepole. Mfuko akauweka magotini kama mtoto.

— Jamani, nina shida kidogo, — alisema. — Nimekuja kuwaom—

— Barua ya nini hiyo? — Kamusi keshaidaka. — Ina muhuri! Mama Birika, punguza moto, hapa pana muhuri.

Akatoa miwani yake kwenye kile kikopo chake kirefu, akaifuta kwa shati, akasimama. Kamusi hasomi barua ameketi.

— "Ndugu mfagiaji. Ofisi imepokea malalamiko kwamba makopo saba yenye utepe wa kijani, yaliyofichwa na wageni kwa idhini ya ofisi katika Njia ya Matete, Njia ya Mawe na Njia ya Pampu ya Zamani, hayapo. Imebainika kwamba umeyaondoa wewe. Unatakiwa kuyarejesha yote saba, pamoja na vidaftari vyake, leo kabla ya saa kumi alasiri. Ukishindwa, ujue kazi yako imekoma leo hii."

— Leo hii! — nikasema.

— Leo hii, imepigiwa mstari.

Nilikuwa na kiatu cha mtu kwenye chuma. Nikakiacha.

— Yaani mtu kafagia miaka kumi na moja, wanamtoa kwa makopo?

— Ngoja kwanza, — alisema Mama Birika. — Mgeni anaficha kopo kwenye bustani kwa nini? Hana kwake?

Kinyozi akacheka. Huyu habari zote za mji hupitia kwenye kiti chake, zinabaki sakafuni pamoja na nywele.

— Ni mchezo, mama. Mtu anachukua kopo, anatia kidaftari, analificha kwenye mzizi au chini ya jiwe. Halafu anaweka namba za mahali pale kwenye simu. Mwingine huko kwao anaziona, anafunga safari, anakuja na simu mkononi, anazunguka zunguka, anainama, analipata.

— Ndani mna nini?

— Kidaftari.

— Na nini?

— Basi. Anaandika jina lake na tarehe, analirudisha palepale, anaondoka.

— Hapewi kitu?

— Hapewi.

— Mtu mzima?

— Wazima na ndevu zao, mama. Nimewanyoa.

Mama Birika akatikisa kichwa mpaka kitenge kikalegea.

— Mimi nikiinama naokota mkaa. Wao wanainama kuandika jina.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — alisema Kamusi. — Maana yake, ukiona mtu kainama, ujue kuna kitanda.

— Kitanda kimetoka wapi?

— Ndiyo methali. Siyo mimi.

Ufagio akakohoa.

— Mimi niliyaona yale makopo, nikajua ni taka. Kazi yangu ni kuokota. Sasa nilikuwa nataka kusema kwamba—

— Usijitetee! — nilimkata. — Usijitetee hata kidogo, ndugu yangu, huna kosa. Angalieni kile kibao pale. Kinasema nini? Usiache kitu chochote. Hakikusema isipokuwa kopo lenye utepe. Na wewe umeajiriwa ili mtu akiacha kitu, ukiokote. Sasa ofisi ikatoa idhini. Ikampa idhini mfichaji, ikampa idhini mtafutaji, ikabandika tangazo geti la mbele kwenye vioo. Aliyebaki bila kuambiwa ni nani? Ni yule mmoja tu mwenye ufagio! Hii ni sawa na kunipa kiatu nikishone, halafu unishitaki kwa kukitoboa.

— Hapo sasa! — alisema Kinyozi.

Kusema kweli nilijipenda kwa maneno yale. Sikusoma sana. Kusoma nimejifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia viatu, na nimezoea kumwambia mtu jambo usoni, sipindi. Nikaokota misumari midogo kwenye kopo langu, nikaipigilia kwenye kisigino cha kile kiatu kwa hasira mpaka ikaingia zaidi ya ilivyotakiwa.

— Msumari, kaka, — Ufagio alisema taratibu, — hilo kopo lako—

— Kopo gani tena! Tunazungumzia haki ya mtu, wewe unaniletea habari za kopo?

Akaukumbatia mfuko wake. Ufagio ni mtu wa kunyamaza. Miaka kumi na moja anazungumza na majani.

— Mimi ninavyoona, — alisema Kinyozi, akisogea karibu na kushusha sauti kana kwamba uzio una masikio, — hii si habari ya mchezo. Mchezo gani hauna mshindi? Ile ni posta. Posta ya siri. Mtu anaandika jina, tarehe, anaondoka. Jina si jina, tarehe si tarehe. Nilimnyoa mmoja, nikamuuliza kazi yake, akasema mhasibu. Mhasibu ana matope mpaka magotini?

— Wanapeleleza nini? Matete? — nikauliza.

— Ukijua wanapeleleza nini, si upelelezi tena.

— Acha hizo, — alisema Mama Birika. — Upelelezi! Nyie wanaume mnapenda mambo makubwa. Hawa ni watu wa ardhi. Nimeona wapimaji kule kwetu walivyoanza. Leo kopo, kesho nguzo, keshokutwa ukuta. Chukua makopo saba, yaunge kwa mstari. Umepata nini? Umepata hoteli. Hapa upande wa Mawe ni mapokezi, kule kwenye pampu ya zamani ni bwawa la kuogelea.

— Bwawa la kuogelea kando ya ziwa? — aliuliza Kinyozi.

— Ndiyo wanavyopenda! Maji wayaone, lakini wasiyaguse.

— Na Ufagio?

— Ufagio ameng'oa mipaka ya hoteli bila kujua. Ndiyo maana wanamfukuza. Angekuwa kaokota makopo ya kawaida, nani angehangaika na barua?

Jambo hilo lilituingia. Hata mimi, ambaye siamini vitu nisivyoshika, niliitazama ile njia inayoanzia getini na kupotea kwenye matete, nikaona kama pameshakuwa na mapokezi.

Ufagio aliinua kikombe chake.

— Mama, ile sukari yako, kama unaweza ku—

— Aa, pole baba, nimekusahau. Mtu mwenye mawazo anahitaji sukari.

Akafungua kopo lake la sukari, lile lenye mfuniko wa kubana pembe nne, akamtilia vijiko viwili juu ya vile vya mwanzo. Ufagio akaangalia kikombe. Akaangalia kopo. Akanywa. Niliona uso wake ukikunjamana kwa utamu, nikadhani ni uchungu wa kufukuzwa.

— Saa ngapi? — aliuliza.

— Saa tisa na dakika kumi, — alisema Kinyozi. — Tulia, bado mapema. Chelewa chelewa... Kamusi, malizia.

— Chelewa chelewa ina heri, — alisema Kamusi.

— Siyo haraka haraka haina baraka?

— Hiyo ni ya asubuhi. Sasa ni mchana. Tena nisikilizeni, maana wote mnazunguka mbuyu. Mimi nimekaa ofisi ya ramani miaka minne.

— Ulikuwa mlangoni, — alisema Kinyozi.

— Mlango wa ofisi ya ramani! Ramani zilipita mbele ya macho yangu zimekunjwa. Sasa sikieni. Simu zinajuaje mahali? Kuna setilaiti juu. Setilaiti iko mbali, inatikisika. Inahitaji kitu cha kushikilia chini. Yale makopo ndiyo misumari ya ramani. Saba. Umesikia? Saba, kwa sababu ziwa lina pembe saba. Ukiyang'oa yote, ramani inalegea. Ikilegea, inateleza. Asubuhi unaamka, ziwa kwenye simu limehamia kwa majirani.

— Kwenye simu tu, au kweli kweli?

Kamusi alifikiri.

— Kwanza kwenye simu. Halafu wanakuja wanasheria.

Hakuna aliyecheka. Ndivyo benchi lilivyo. Ukikaa muda mrefu, upuuzi unaota mizizi. Nikajikuta namwangalia Ufagio kama mtu aliyelegeza nchi bila kukusudia.

— Mimi sina habari za setilaiti, — nikasema, nikasimama. — Mimi nasema neno moja la wazi. Ofisi ilijua. Mkubwa mpya alikuja mwezi wa pili, akasema njia za nyuma hazina watu, mfagiaji wa nini. Hakupata sababu. Sasa kapata. Wameficha makopo mahali ambapo ni mtu mmoja tu anayepita, kila siku, anayeokota kila kitu. Huo ni mtego wa panya, na jibini lake ni uaminifu wa mtu! Na sisi tumekaa! Tunakunywa kahawa! Nasema tuandike barua. Leo. Sasa hivi. Tuipeleke sote, tukasimame mbele ya ile meza, niwaambie usoni.

— Tuandike! — alisema Kinyozi.

— Umoja ni nguvu, — alisema Kamusi, — ndiyo maana mikono miwili haichinji ng'ombe.

Mama Birika akatoa karatasi kubwa ya kaki aliyofungiwa majani ya chai. Kamusi akatoa kalamu kwenye kile kikopo chake cha miwani, akalamba ncha. Ufagio akasimama nusu.

— Jamani, sihitaji barua. Nilichokuwa nataka ni—

— Kaa chini, ndugu yangu, — nikamshika bega, nikamkalisha. — Leo si siku ya wewe kusema. Leo tutasema sisi.

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Sijaongeza, sijapunguza.

Barua ikaanza. "Sisi wakazi wa kona hii tunalaani vikali." Mama Birika akasema kulaani ni dhambi, waandike tunasikitika. Nikasema anayesikitika ni aliyefiwa, sisi tumedhulumiwa. Kamusi akapendekeza "tunalaani kwa masikitiko." Kinyozi akataka yawekwe maneno "pamoja na posta ya siri". Mama Birika akasema kama kuna posta basi na hoteli iwepo. Mteja wa Kinyozi alikuja kuchonga ndevu. Kinyozi akatoa wembe mpya kwenye kile kidude chake cha duara, akamtazama mtu kwenye kioo, akamwambia subiri, tuna kazi ya taifa. Yule mteja akaondoka. Kamusi akafika mstari wa nane, akaufuta, akaanza upya kwa sababu herufi zilikuwa zinapanda mlima.

Saa kumi kasoro robo alitokea dada mmoja getini, kwa ndani. Alikuwa na viatu vya kamba vimejaa matope meusi, simu mkononi, majani ya matete yamenasa kwenye sweta. Si mgeni wa mbali, lafudhi yake kama yetu. Akasogea kwenye jiko.

— Shikamoo mama. Kahawa ipo?

— Marahaba mwanangu. Ipo. Ya sukari?

— Bila.

Alimwona Kamusi na karatasi yake, mimi nimemsimamia kama mwalimu.

— Mnaandika nini, wazee wangu?

— Dhuluma, — nikasema. — Tunaandika dhuluma. Umetoka huko nyuma?

— Nimetoka Njia ya Mawe. Nilikuja kutafuta makopo, nimezunguka tangu asubuhi, sijapata hata moja. Lakini njia zile zimefagiwa! Sijawahi kuona njia isiyopitwa na watu ikawa safi vile. Hata mawe yamepangwa pembeni.

— Mmesikia? — nikawageukia wenzangu. — Mmesikia ushahidi? Na mtu mwenyewe aliyezifagia ni huyu hapa, na anafukuzwa kazi saa kumi, kwa ajili ya hayo makopo yenu!

Nikamweleza yote. Barua, muhuri, kibao, idhini, mkubwa mpya. Kinyozi akaongeza posta. Mama Birika akaongeza bwawa la kuogelea. Kamusi akamwomba asiitikise simu sana. Dada yule alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi, hakucheka. Halafu akauliza swali lake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza njia ya kwenda sokoni:

— Na yeye mwenyewe amesema makopo yako wapi?

Nikafungua kinywa.

Nikamwangalia Kamusi. Kamusi akaangalia ncha ya kalamu. Kinyozi akajikuna kichwa, yeye anayekataza watu kujikuna. Mama Birika akageukia birika lake kama vile limemwita. Kwa muda wa saa moja na nusu Ufagio alikuwa ameketi pale, goti lake likigusana na la Kinyozi.

— Ufagio, — nikasema, na sauti yangu ikatoka ndogo. — Yako wapi?

Akafungua mfuko aliokuwa ameukumbatia. Akatoa makopo matatu yenye utepe wa kijani, akayapanga kwenye ubao. Akatoa vidaftari saba, vimefungwa pamoja kwa uzi, vikavu, havina hata kona iliyokunjika.

— Vidaftari vyote ninavyo, — alisema. — Vina majina ya watu. Jina la mtu halitupwi. Makopo matatu yalikuwa nyumbani, mke wangu alikuwa ameweka vifungo na chumvi, amenipa. Manne...

Macho yake yalikwenda kwenye sukari ya Mama Birika, yakaenda kwenye kikopo cha miwani, yakapanda dirishani kwa Kinyozi kwenye kile kidude cha nyembe, yakashuka mpaka miguuni pangu.

Nikaliangalia kopo langu la misumari. Miezi minane nachovya vidole humo. Lina mfuniko wa bati unaobana vizuri, mvua haiingii, na chini ya vumbi la ngozi, ukisugua kwa kidole gumba, utepe wa kijani. Nikakumbuka siku aliyonipa. "Nimeliokota njiani, ni zuri, nikaona Msumari misumari yake inaota kutu." Nilimwambia asante? Nadhani nilimwambia lingekuwa kubwa kidogo.

— Sasa kwa nini hukusema? — Mama Birika alikuwa karibu kulia. — Tangu saa nane, baba!

— Nilisema nitasema, — alijibu Ufagio. — Lakini kitu ukishampa mtu ni chake, mama. Kukidai ni vigumu. Nikajisemea, nikija mapema nikakaa, labda mtu ataniuliza.

Hakulisema kwa lawama. Angelisema kwa lawama ningepata cha kumjibu.

— Saa kumi kasoro dakika kumi, — alisema yule dada.

Hapo benchi likafanya kazi kwa mara ya kwanza siku ile. Kinyozi akamwaga nyembe kwenye sahani ya sabuni. Kamusi akaitia miwani mfuko wa shati, ikaanguka, akaiokota, akaitia tena. Mama Birika alishika kopo la sukari akazunguka nalo, hana pa kumwagia, mpaka akaona ile karatasi ya kaki. Akainyakua kwa Kamusi, akaisokota ikawa kama pembe.

— Barua yetu hiyo! — alisema Kamusi.

— Shika chini isitoboke, — alimjibu, akamimina. "Tunalaani vikali" ikaenda ndani, sukari ikaifunika mpaka juu.

Nilibaki mimi. Misumari midogo ya nusu inchi, karibu mia tatu, na sakafu yangu ni udongo. Mingi nikaimwaga ndani ya kile kiatu cha mteja. Iliyobaki nikaifanya kama tulivyokuwa tukifanya zamani kabla sijapewa kopo: nikaitia mdomoni, nikaibana kwa midomo. Nikalifuta lile bati kwa aproni, ndani na nje, nikampa Ufagio kwa mikono miwili.

Yule dada alivirudisha vidaftari, kimoja kimoja, kila kimoja kwenye kopo lake. Alijua kipi ni cha lipi kwa namba zilizoandikwa kwenye majalada na chini ya makopo. Kopo la sukari alilipuliza chembe kwanza.

— Twende wote, — alimwambia. — Nami nitawaambia ofisini njia zilivyo.

Wakaingia getini, chini ya kile kibao, makopo saba yakigongana mfukoni. Ufagio alisimama hatua tatu ndani, akainama, akaokota karatasi ya peremende, akaitia mfuko wa suruali, akaendelea.

Kamusi alikaa chini. Kisha akanigeukia.

— Wewe Msumari ndiye unayejua kusema. Watamrudisha?

Wote wakanitazama, wanangoja. Nami nilikuwa na misumari thelathini mdomoni, nikainamia kiatu.